Nduna na tenga la kuku

Kama hujawahi kulala Songea mwezi wa saba, hujajua thamani ya blanketi, wala ya mtu wa kujifunika naye. Mji uko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, milima ya Matogoro iko hapo karibu, na asubuhi ukungu unakaa mpaka unajiuliza kama jua limesahau njia. Mie mtu wa Dar nilishuka kwenye basi na sweta moja!

Tulihamia huko kwa sababu ya kazi ya mume wangu. Nyumba tuliyopanga Bombambili tuliikuta na mwenyeji wake: paka shume, mkubwa, wa kijivu, sikio moja limechanika. Mama mwenye nyumba, Mngoni wa hapohapo, alimwita Nduna. Hicho ni cheo cha wakuu wa Wangoni, mmojawapo Songea Mbano, aliyeupa mji jina lake na aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906. "Mwanangu, Nduna hashikwi ovyo," mama alinionya huku akicheka.

Nikaanza kumtupia usipa, wale samaki wadogo wa Ziwa Nyasa wanaouzwa wakavu sokoni. Baada ya miezi mitatu alikuwa anakula hatua mbili tu kutoka miguuni pangu. Nikinyoosha mkono, hayupo.

Halafu siku moja akaja shavu limevimba kama amemumunya ndimu. Jipu, la ugomvi wa usiku. Jirani mmoja akaniambia nimsagie panadol kwenye maziwa. Jamani, msithubutu! Panadol inaua paka, hata kidogo tu.

Jumamosi mume wangu akaamua kuonyesha uanaume wake. Akachukua gunia la mahindi, akamvizia Nduna kibarazani, akamfunika. Basi bwana, sekunde tatu. Gunia chini, paka juu ya ukuta, na mume wangu ameshika kiganja kinachovuja damu. Ameng'atwa.

Hapo mzaha uliisha. Paka asiyechanjwa anaweza kuwa na kichaa cha mbwa, na ugonjwa huo dalili zikishaanza, kupona ni kama hakuna. Tuliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, nikimhesabia kwa simu, kisha tukakimbilia hospitali. Akaanza sindano. Pia tukaambiwa tumwangalie yule paka siku 10. Akiwa mzima mpaka siku hiyo ya mwisho, hakuwa na uambukizo wakati anang'ata. Kwa hiyo Nduna hakutakiwa kupotea, wala kufa na jipu lake.

Usiku ule hatukujifunika blanketi moja. "Wewe na paka wako," alisema, akageukia ukutani. Sikuwa na la kujibu. Kweli nilimleta mimi, kwa usipa wangu.

Kesho yake nikanunua tenga la kuku, lile la mianzi lenye mlango. Nikaliweka kibarazani, nikatandika kanga kuukuu, nikatupa usipa mlangoni. Kazi yangu ya uhariri nikahamishia hapo hapo, nimejifunika shuka la kimasai. Siku ya kwanza alikula nje. Siku ya pili kichwa ndani. Siku ya nne akaingia mzima na sikugusa kitu, maana ukikosea mara moja, imekwisha. Jioni ile sikumpa chochote. Alfajiri ya siku ya tano akaingia kwa njaa, nikafunga mlango kwa kamba na kulifunika tenga lote kwa kanga. Ajabu, gizani alinyamaza.

Dereva wa bajaji akauliza, "Kuku wa ngapi, dada?" Nikamwambia ni paka mgonjwa. Alicheka njia nzima.

Daktari wa mifugo, ambaye siku hiyo alikuwa ametoka kutibu nguruwe, hakucheka. Alipima paka na tenga pamoja, akatoa uzito wa tenga, akapata kilo tatu na nusu. Hesabu hiyo ndiyo ya dawa ya usingizi. Sindano akaipitisha kwenye matundu ya mianzi. Nduna alipolegea, nikamgusa kwa mara ya kwanza: mifupa mitupu chini ya manyoya yale ya kibabe. Jipu likapasuliwa, likasafishwa, akachomwa dawa.

"Chanjo bado, mama," akasema daktari. "Ana homa. Akishapona, tena zipite siku zile 10, umrudishe."

Nimrudishe!

Siku ya 10 mume wangu aliamka kabla yangu. Nilimkuta kibarazani na kikombe cha chai, anamtazama Nduna akijilamba ukutani, shavu limenywea. Hatukuongea. Alikohoa kidogo, akaenda jikoni, akarudi na kiganja cha usipa. Akauweka nusu hatua kutoka mlango wa tenga.

"Usisogee," akaninong'oneza.