Radi za Sumbawanga na Madesa ya Mlimani

Mwaka 2006 lami ya kutoka Tunduma ilikuwa bado haijafika Sumbawanga. Binti mmoja wa Kifipa alipanda basi akiwa amejitanda kitenge kujikinga na vumbi, safari ya kwenda Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikochaguliwa kusomea shahada ya elimu upande wa saikolojia. Nyumbani hakuna aliyeielewa vizuri hiyo saikolojia. Mjomba wake, mkulima wa mahindi na maharage, aliuliza swali moja tu: “Kwa hiyo, mwanangu, ukimaliza watakupeleka Mirembe?”

Si swali la kuchekwa. Hospitali ya Mirembe iko Dodoma tangu mwaka 1927, na kwa Watanzania wengi ndiyo anwani ya pekee ya mambo ya akili. Hata Mlimani kwenyewe saikolojia ililelewa muda mrefu chini ya kwapa la elimu, ili mwalimu amjue mtoto aliye mbele yake. Saikolojia jamii, ile inayochunguza mtu anavyobadilika akiwa kati ya watu, ilikuwa kozi ndani ya shahada, na binti huyu aliingia humo bila kujua kwamba itamrudisha kwao.

Kwanza ilibidi ajifunze kupaficha kwao.

“Unatokea wapi, dada?” “Sumbawanga.” Kicheko. “Jamani, huyu msimuudhi, atatutumia radi!” Utani huu, kwamba watu wa Sumbawanga hutuma radi kwa uchawi, unajulikana Tanzania nzima, na hauna nia mbaya, wenye kuutoa ni walewale wanaokukopesha hela ya chakula bumu, yaani posho ya mkopo wa chuo, likichelewa. Lakini muhula haujaisha, binti alikuwa ameshazoea kujibu “Mbeya”. Haukuwa uongo mtupu: Mkoa wa Rukwa ulizaliwa mwaka 1974 kwa kumega Mbeya na Tabora. Alikuwa amechelewa tu kupata habari, kwa miaka thelathini na kidogo.

Wakati huo huo alikuwa akisoma madesa, yale makaratasi ya kutolewa kopi ambayo wino wake umefifia kwa kurudufiwa mara nyingi. Humo alikutana na Solomon Asch, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliwaonyesha vijana wa Kimarekani mistari mitatu na kuwauliza ni upi unaolingana na wa nne. Wenzao waliokuwa wamepangwa wakajibu kosa kwa makusudi. Robo tatu ya waliopimwa walifuata mkumbo angalau mara moja, huku macho yao yakiona ukweli. Alikutana pia na Stanley Milgram wa Yale, ambaye katika jaribio lake watu 26 kati ya 40 walikubali kubonyeza swichi mpaka ya mwisho, wakiamini wanampiga mwenzao shoti ya umeme, kwa sababu tu bwana mwenye koti aliwaambia waendelee. Yalimvutia, akayakariri kama alivyokariri kila kitu, kwa hofu ya sapu, mtihani wa marudio.

Mambo yaligeuka siku ya somo la Fritz Heider, aliyeandika mwaka 1958 jinsi watu wa kawaida wanavyotafuta sababu za mambo yanayowapata. Mhadhiri aliomba mfano wa hapa nchini. Darasa zima likageuka kumtazama binti wa Sumbawanga. Siri ya Mbeya ilikuwa imevuja zamani.

Akaeleza. Ufipa ni uwanda wa juu, Sumbawanga yenyewe ikiwa karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, Ziwa Tanganyika likiwa chini upande wa magharibi na Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Masika yakianza, ngurumo hazina mchezo, na nchi iko wazi, miti michache. Mfipa anajua vizuri kwamba radi hupenda kilichosimama peke yake. Anachouliza ni kitu kingine: kwa nini fulani, tena juma lilelile alilogombana na jirani juu ya mpaka wa shamba? Mhadhiri akamwongezea Evans-Pritchard, aliyeandika mwaka 1937 kuhusu Waazande: wanajua mchwa ndio wanaoangusha ghala, ila wanataka kujua kwa nini limeanguka akiwa chini yake huyu na si yule. Kisha binti akasema jambo ambalo hakuwa amelipanga: kwamba hata wenzake, wanapomwona amenyamaza na kusema “ndivyo walivyo watu wa Sumbawanga”, wanatafuta sababu kwa njia ileile ya mkato.

Tangu hapo alikuwa mtu wa maktaba. Huko alimkuta Roy Willis, mwanaanthropolojia wa Uingereza aliyeishi Ufipa miaka ya mwanzo ya uhuru. Mwaka 1968 Willis alichapisha makala juu ya Kamcape, wasaka wachawi waliopita kijiji hadi kijiji wakichanja watu dawa. Binti alizisikia habari zao kwa bibi yake. Alipozisoma upya aliona Asch amepitwa mbali: kijiji kizima kikipanga foleni ya kuchanjwa, anayebaki nyumbani amejishtaki mwenyewe. Mistari ya Asch haikumfukuza mtu kijijini.

Lakini Willis huyohuyo aliandika pia juu ya fumbo la amani ya Ufipa. Karne ya 19 tawala za Nkansi na Lyangalile zilipigana vibaya, kisha nchi ikatulia, watu wakashika jembe na mazungumzo. Joseph Thomson alipopita mwaka 1880 alikuta wakulima. Kilichobadilika ni nini? Vitabu vya kozi vilikuwa na sura nzima kuhusu chanzo cha ugomvi. Kuhusu watu walioacha kugombana, karibu hakuna kitu. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hilo ni pengo kubwa zaidi kuliko kukosa mifano ya Kiafrika.

Pengo hilo la pili nalo lilipigiwa hesabu. Mwaka 2008 Jeffrey Arnett alionyesha kwamba asilimia 96 ya watu waliochunguzwa katika majarida makubwa ya saikolojia ya Marekani walitoka nchi za Magharibi, zenye asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Binti alikuwa mwaka wa mwisho, na utafiti wake ulihusu wanafunzi wa Rukwa waliopo Dar es Salaam na jinsi wanavyojitambulisha. Wengi walimjibu “Mbeya”.

Leo anafundisha, na mfano wake wa kudumu haumo katika madesa. Henri Tajfel aliwagawa wavulana wa Bristol kwa kisingizio cha wachoraji wanaowapenda, Klee na Kandinsky, na hilo likatosha wapendelee upande wao. Serikali ya Tanzania ilifanya jaribio lake la aina hiyo mwaka 2012, ilipoukata Mkoa wa Katavi kutoka Rukwa. Rafiki yake wa chuo, mwenyeji wa Mpanda, alikuwa akitaniwa radi pamoja naye kwa miaka mitatu mfululizo. Walipokutana kwenye harusi ya mwenzao baada ya mkoa kugawanywa, utani ulianza kama kawaida, na wa kwanza kumnyooshea kidole binti wa Sumbawanga alikuwa rafiki huyo. “Mimi mnitoe,” akawaambia wote mezani, “sisi ni Katavi.”