Sindano ya miezi mitatu na swali ambalo sikuuliza

Wasomaji wangu, samahani kwa ukimya. Nyumbani kulikuwa na mtihani, na leo nauandika kwa ruhusa ya mwenyewe, mama mtoto.

Mtoto wetu alipofikisha wiki sita, mama yake alichomwa sindano ya uzazi wa mpango. Nesi akamwambia haizuii kunyonyesha, ambayo ni kweli, akamwandikia tarehe ya kurudi, basi. Foleni ilikuwa ndefu.

Wiki ya tatu matone ya damu yakaanza. Leo yapo, kesho hayapo, keshokutwa yamerudi. Mwezi ukapita. Kichwa kinamuuma, hasira ziko karibu. Nami badala ya kuuliza, nikanuna, nikidhani ananikwepa. Jirani akamtisha kwamba siku damu ikikatika itajikusanya tumboni iwe uvimbe. Usiku ule alilia. "Mimi naogopa, na wewe umeninunia."

Jamani, iliniuma. Mimi ni mwandishi wa habari! Semina za uzazi wa mpango nimehudhuria, posho nimepokea. Nilikuwa naandika idadi ya akina mama waliojitokeza, nafunga daftari. Kuhusu madhara sikuuliza hata siku moja.

Kesho yake tukaenda wote kwa daktari. Akatueleza taratibu. Matone ni kawaida miezi ya mwanzo. Baadaye wengi hukosa hedhi kabisa, na hakuna damu inayojikusanya: ukuta wa ndani wa mji wa mimba huwa mwembamba, hivyo hakuna cha kutoka. Wengine huongezeka uzito. Mifupa hupungua uimara kiasi, ukiacha hurudi. Mimba nayo huchelewa, kwa wastani kama miezi 10 tangu sindano ya mwisho. Dawa ikishaingia haitolewi, unasubiri iishe. Ila damu ikiwa nyingi kupita hedhi ya kawaida, usisubiri, nenda hospitali.

Maelezo hayo yalichukua dakika kumi tu. Dakika kumi zingetuokolea mwezi mzima wa hofu.

Matone yamepungua. Mwenyewe ameamua kuchoma ya pili, na safari hii nilikaa naye kwenye benchi, mwanaume peke yangu. Wanawake walinitazama, mmoja akacheka. Acha wacheke. Akina baba wenzangu, mkeo akirudi kliniki usiulize tarehe tu. Muulize, "Wamekuambia utajisikiaje?"