Klachi Haijaisha
"Klachi imeisha, dada," fundi aliniambia pale Kanazi kabla hata hajashika spana. Shilingi 80,000, sahani mpya pamoja na ufundi. Hiyo ilikuwa pesa yangu ya utafiti, ya kuzunguka vijijini wiki mbili.

Kweli, mlimani injini ilivuma tu, pikipiki haiendi. Lakini shangazi, anayebeba ndizi zake mwenyewe kwa pikipiki hadi gulioni, alikuwa amenifundisha kuanza na mkono wa klachi. Uvute taratibu: ucheze kama sentimita moja kabla waya haujakaza. Wangu haukucheza hata kidogo. Waya ukikazwa mno, sahani hazibanani sawasawa, zinateleza, na dalili ni ileile ya klachi iliyoisha. Nililegeza nati ya waya kwa vidole. Pikipiki ikapanda.

Sahani huisha, sikatai, na waya ukiachwa hivyo zinaisha upesi. Ila siku hizi nikibadilishiwa spea naomba ile ya zamani niondoke nayo. Plagi yenye masizi naisugua kwanza, nakagua na chujio la hewa.

Wanaume hawaulizwi walijulia wapi. Mimi huulizwa: "Nani kakufundisha?" Namtaja shangazi. Wanamjua, bei inashuka.