Ngeli za Baharini

Nilipokuwa kidato cha pili nusura nikihame chama hiki cha Kiswahili. Chanzo kilikuwa zoezi moja la ngeli. Niliandika kwamba "kijana", "kiongozi" na "kipofu" yamo katika ngeli ya KI-VI. Nikapata alama 4 kwa 20! Karatasi yangu ikapita mikononi mwa wenzangu, darasa zima likaangua kicheko. Tangu siku hiyo salamu yangu bwenini ikawa, "Haya, kijana kimekuja!" Mimi niliyelelewa bara nikizungumza lugha ya mama tu, nikaona ati Kiswahili kina wenyewe.

Alhamisi iliyofuata tulikuwa maabarani. Mwalimu wa Bayolojia alikuwa ameweka slaidi kwenye hadubini. Zamu yangu ilipofika nilifumba jicho moja, nikachungulia. Lo! Nilipigwa na butwaa. Niliona tufe lenye matundu matundu mithili ya chujio, ndani yake tufe la pili, na ndani ya hilo la tatu! Miiba mirefu ilikuwa imechomoza nje.

"Huyo ni Hexacontium, radiolaria wa baharini," Mwalimu alieleza. "Ana matufe matatu yaliyoshikanishwa kwa vijiti, na miiba mikuu sita: juu, chini, kulia, kushoto, mbele na nyuma. Mwili wake ni seli moja tu. Kiunzi hicho hukijenga kwa silika, ile ile ya mchanga na kioo."

Na huyo fundi hafikii hata milimita moja!

Jioni nilikimbilia maktaba. Nikasoma kwamba Mjerumani Ernst Haeckel alichunguza radiolaria waliokusanywa na meli ya Uingereza, Challenger, iliyozunguka bahari kati ya 1872 na 1876. Katika ripoti yake ya 1887 alieleza spishi mpya zaidi ya 3,000. Aliwaainisha hasa kwa umbo la kiunzi. Wenye matufe, kama Hexacontium, walikuwa Spumelaria. Wenye kiunzi mfano wa kofia au kengele walikuwa Naselaria. Akantharia nao hujenga kwa strontiamu salfeti, hivyo wakifa kiunzi chao huyeyuka majini. Kundi la nne lilikuwa Faeodaria, ambao viunzi vyao vina silika pia.

Hapo ndipo palipokuwa na mtego. Mwaka 2004 wataalamu walichapisha matokeo ya kulinganisha jeni. Kumbe Faeodaria si ndugu wa hao wengine! Siku hizi wamewekwa katika kundi jingine, Serkozoa. Viunzi vilifanana, nasaba mbalimbali.

Bwana wee, nilicheka peke yangu hadi mtunza maktaba akanikodolea macho. Kosa la Haeckel lilikuwa ndilo langu! Kiatu kimeanguka, kiongozi ameanguka. Maneno yote mawili yamevaa KI-, lakini upatanisho ndio unaotoboa siri kwamba kiongozi ni wa A-WA. Haeckel hakuwa na njia ya kupima jeni. Mimi nilikuwa na sentensi, sikuzitumia.

Ijumaa mkutano wa chama ulipofika, niliomba nafasi. Magoti yalitetemeka. Nikachora matufe matatu ubaoni, na kabla sijafungua kinywa, sauti ikatoka nyuma: "Kijana kimesimama!" Watu wakacheka.

"Kijana amesimama," nikajibu, "na ana la kusema."

Kimya kikatanda. Nikaeleza yote, kuanzia kiunzi cha silika hadi kuhama kwa Faeodaria. Nilipomaliza, aliyenikejeli ndiye aliyetangulia kupiga makofi. Baadaye alinijia bwenini na daftari lake, akaniuliza, "Sasa 'kifaru' nimweke wapi?" Tukatunga sentensi pamoja.

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kuuliza si ujinga. Basi wewe uliye kidato cha kwanza, ukichekwa kwa kosa la ngeli, usikihame chama. Tunga sentensi, kisha usimame useme.