Kwa vinyozi wa Eastlands
Msomaji, pita Maringo, Jericho hadi Umoja Jumamosi jioni uone vibanda vya vinyozi vilivyofurika. Ubaoni nje kumechorwa vichwa vya kila mtindo. Ndani mashine inavuma na spiriti inanukia. Mzee ataka sharafa zisawazishwe, kijana ataka ndevu za beberu (ambazo, kwa kweli, hazifai kila uso).

Taabu humpata anayetaka kidevu kiteleze kama yai. Ndevu zetu hujikunja. Zikinyolewa chini mno, ncha hurudi kuchoma ngozi, vikatoka vipele na madoa meusi. Kinyozi mjuzi hufuata zinakoelekea, akaacha kivuli kidogo. Mashine huipangusa kwa spiriti ukitazama. Akiianza shingo yako kabla ya hapo, inuka kitini.