Ruhusa ni ya Mgonjwa

Nyanya yangu ana kisukari, na kila Ramadhani nyumba yetu ya Mombasa huwa na ubishi uleule: atafunga au hatafunga?

Daktari wake wa zamani alimaliza mambo kwa sekunde tano. “Usifunge, mama.” Nyanya akajibu, “Sawa, daktari.” Kisha akafunga mwezi mzima. Vidonge vya asubuhi alivimeza na daku, vya mchana akaviacha tu. Kliniki hakusema kitu.

Eti hajui dini? Anaijua kutuliko sote. Anajua kwamba Sura ya Al-Baqara imemruhusu mgonjwa asifunge, na kwamba kuna fidia ya kumlisha maskini kwa kila siku. Shida ilikuwa kwingine: “Ruhusa ni ya mgonjwa. Mimi si mgonjwa, nina sukari tu.”

Daktari hangeweza kulijua hilo, kwa sababu hakuuliza.

Aliyeuliza ni nesi mmoja, wiki saba kabla ya mwezi kuandama. “Bi, Ramadhani inakaribia. Unapanga kufunga?” Nyanya akamwaga yote. Siku hiyo ratiba ya dawa ikapangwa upya kulingana na futari na daku. Pia tukagundua kwamba alikuwa hapimi sukari mchana kwa kuogopa kwamba tone la damu litabatilisha saumu. Imamu wa mtaani akamtoa wasiwasi: halibatilishi. Sharti la nesi lilikuwa moja: ikishuka chini ya 3.9, fungua hapo hapo, hata kama adhana imebakisha dakika kumi.

Kuna wanaoona maswali kama haya ni kumbembeleza mgonjwa. Mimi naona ni sehemu ya matibabu. Mtu ukimlazimisha achague kati ya Mungu wake na karatasi ya dawa, atachagua kimyakimya, na wewe utabaki kutibu mgonjwa usiyemjua. Katiba ya 2010 yenyewe imetupa vyote viwili: imani kwenye kifungu cha 32, afya kwenye kifungu cha 43.

Siku ya 11 mashine ilisoma 3.6, magharibi ikiwa karibu kabisa. Hakuna aliyembishia wala kumkumbusha. Nyanya aliitazama ile namba kwa muda, akanyoosha mkono.

“Nipe tende,” akasema. “Leo mimi ni mgonjwa.”