Mkwaruzo na Mparuzo

Vitenzi hivi viwili, kukwaruza na kuparuza, hukaa karibu sana katika kamusi, na kwa miaka yote niliyofundisha Fizikia na Kiswahili sikupata sababu ya kuvitenganisha. Sababu imenijia nikiwa mstaafu, ndani ya kisanduku cha chuma kinachokanyagwa kwa mguu.

Kisanduku hicho ni kanyagio la gitaa la umeme, la aina ambayo wapigaji huiita fazi. Kazi yake ni kuiharibu sauti kwa makusudi. Wimbi la umeme litokalo kwenye gitaa hukuzwa kupita kimo ambacho saketi inaweza kukihimili, vilele vyake vikakatwa, na palipokuwa na mviringo pakawa bapa. Katika ukataji huo huzaliwa milio ya juu ambayo nyuzi hazikuitoa. Kanyagio mashuhuri la aina hii, Fuzz Face, lilitoka London mwaka 1966, na Jimi Hendrix akalipa sifa. Mwanzoni lilitumia transista za jerimaniamu, zenye sauti laini lakini zinazobadilika kwa joto; mchana wa Dar es Salaam zingemtesa mpigaji. Baadaye zikaja za silikoni. Hizo hazitikiswi sana na joto, ila hukuza zaidi, na sauti yake ina makali.

Mpwa wangu alijiundia la silikoni, akaniletea kwa kuwa nina mita na chuma cha kulehemu. "Mjomba, linaumiza masikio," alisema. Nikalisikiliza. Kwangu lilivuma vizuri, kama nyuki ndani ya debe.

Hapo ndipo penye ugumu. Nimepita miaka 60, na sikio la umri huu hupoteza kwanza milio ya juu kabisa, ile ile aliyoilalamikia. Mkono wa kutengeneza ulikuwa wangu, sikio la kuhukumu lilikuwa lake, na kati yetu hapakuwa na daraja ila maneno. Nilimkataza kusema "mbaya". Nikamdai kitenzi: sauti inafanya nini?

Alipiga tena, akafikiri. "Mwishoni inatatarika, halafu inakatika ghafla."

Kitenzi hicho kilinipeleka moja kwa moja kwenye transista ya pili. Betri ni ya volti 9, na kolekta ya transista hiyo hufaa iwe karibu na nusu yake, volti 4.5, ili wimbi lipate nafasi juu na chini. Mita ilisoma zaidi ya volti 7. Niliondoa rezista ya kilo-omu 8.2 inayoilisha kolekta, nikaweka ya kugeuzwa, nikaongeza ukinzani kidogo kidogo hadi volti zikashuka. Noti ikaanza kufifia taratibu, kama kengele inavyofifia.

"Na sasa?"

"Inaparuza."

"Haikwaruzi?"

"Inakwaruza pia, Mjomba, lakini mkwaruzo ndio ninaoutaka. Mparuzo ndio siutaki."

Nikamwomba afafanue. Mkwaruzo, akasema, uko kooni, kama sauti ya mwimbaji wa taarabu aliyekesha. Mparuzo uko juu ya ngozi, kama mbao isiyopigwa randa. Sijapata maelezo bora ya maneno hayo katika kitabu chochote.

Dawa yake ni kapasita ndogo kati ya kolekta na beisi. Hurudisha nyuma sehemu ya mawimbi ya kasi, yakajipunguza yenyewe. Nilimgeuzia mgongo ukutani nisimwambie ninachobadilisha. Pikofaradi 47: "Bado." Pikofaradi 220: "Umeondoa vyote, sasa inakoroma." Pikofaradi 100: akanyamaza, akapiga wimbo mzima. Mimi, kati ya 47 na 100, sikusikia tofauti yoyote. Nililehemu ile ya 100 kwa amri ya kitenzi.

Wiki hii amerudi. Sasa anadai mlio wa chini "unavimba", na anataka nipunguze kapasita ya kuingilia, ambayo ni ya maikrofaradi 2.2. Mlio huo nausikia mwenyewe, na kwa sikio langu hauvimbi: unarindima. Hatujakubaliana, na kapasita bado iko mahali pake.